Mistari Niliyoiruka Kuhusu Puli Ndogo

Lokesheni,
Kitale.
Jumapili, 22 Aprili 1951.

Mpendwa Mjomba Wekoye,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Hujambo? Mkeo Nasambu na watoto hawajambo? Na lile joto la Mombasa, bado linakupa maumivu ya kichwa kama ulivyoandika mwaka jana? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama hajambo. Yule mtoto aliyezaliwa siku chache kabla ya msiba sasa anajigeuza mwenyewe kitandani na kuuchekea ukuta. Tumempa jina la Kukhu, mama yako. Anaitwa Nakhungu, na mpaka leo Mama akitaka kumwita husita kidogo kwanza, kama mtu anayetafuta ufunguo.

Mvua imeanza. Wenye mashamba wamepanda, na barabara ya kwenda kijiji cha Kwanza ni matope mpaka magotini. Baba huenda huko kwa baiskeli na kurudi ameibeba baiskeli begani. Nitakueleza kwa nini haendi na gari.

Uliniambia niwe nikikuandikia kwa Kiingereza ili nipate mazoezi. Leo naomba uniwie radhi. Shuleni mwalimu hunisifu kwa barua zangu za Kiingereza, ati sentensi zangu zimenyooka. Jambo hili sitaki lionekane limenyooka.

Mjomba, barua yako ya Februari nilimsomea Mama mimi mwenyewe, jikoni, maana yeye husoma polepole na machozi humtangulia. Uliandika kwamba kama ni mashine yako iliyomuua mama yako, basi hutaweza kukanyaga tena Kibabii, na watu wajenge kaburi bila wewe. Mama alilia mpaka maziwa yakachemka yakamwagika. Mimi sikulia. Nilisimama tu pale na karatasi mkononi, kwa sababu nilikuwa najua kitu ambacho wewe hukijui, wala Mama hakijui, wala wazee wa Kibabii waliokutaja vibaya matangani hawakijui.

Mashine yako haikuwa na kosa. Wewe pia hukuwa na kosa. Kosa ni langu, na nitalieleza tangu mwanzo.

Unakumbuka boksi lile lilifika kwa treni mwezi wa Novemba. Baba alilifungua mwenyewe, hakukubali mtu aguse msumari. Alipoitoa ile supachaja, nzito, imefungwa kwa magunia yenye mafuta, aliiweka juu ya meza tunayolia chakula. Wiki nzima tulikula chini. Baba aliniambia kuwa huku Kitale juu hewa ni nyembamba, ndiyo sababu pikapu yetu hupumua kama mzee, na kwamba shemeji yake ameileta mashine ya kuisukumia hewa kifuani. Sijawahi kumwona akiwa na furaha kiasi kile. Wewe unamjua, Baba si mtu wa kucheka ovyo.

Ndani ya boksi kulikuwa na puli mbili za kupitishia mkanda, kubwa na ndogo. Baba alifunga ile ndogo. Aliona mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba puli ndogo inaizungusha mashine haraka zaidi. Akaijaribu alfajiri, kuelekea Kwanza, bado kuna ukungu. Pikapu ile ya jeshi, ambayo kila siku hubeba maziwa na mahindi na kusukumwa na watu kila ikiona kilima, ilipanda huku ikipiga mluzi. Siku tatu mfululizo aliijaribu, zote alfajiri. Zote ilikimbia.

Halafu ikaja barua yako ya Desemba.

Ilikuwa Jumamosi, na uani kwetu kulikuwa na watu. Thuo, fundi anayesaidiana na Baba, alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Jairus mfanyabiashara wa mahindi alikuja kuona huo mluzi ambao watu wanausema. Kulikuwa na wengine watatu au wanne wasio na kazi yoyote ila kutazama. Jairus alikuwa amesikia kutoka kwa dereva wa mzungu mmoja kwamba gari lenye mashine kama hii lazima pia liwe na rejeta ya kupoza hewa, si maji tu. Akamtania Baba.

“Absalom, wewe umenunua sufuria, kifuniko umesahau. Hiyo rejeta ya hewa iko wapi?”

“Rejeta ya hewa ya nini?” Baba akajibu. “Wewe asubuhi unavaa makoti mawili hapa Kitale, unaniuliza mimi rejeta? Mungu ameshaifunga. Iko kule juu.” Akaonyesha mlima Elgon kwa spana.

Walicheka sana. Thuo alicheka akiwa chini ya gari mpaka akajigonga kichwa. Ndipo Baba akaniona na bahasha.

“Ni ya shemeji? Soma! Soma wasikie. Huyu alitengeneza ndege wakati wa vita, si mtu wa kuambiwa na dereva wa mzungu.”

Mjomba, unajua mimi mbele ya watu ninavyokuwa. Hata kanisani nikiambiwa nisome tangazo, goti langu hutetemeka na watu hulitazama goti badala ya kusikiliza. Nilisoma salamu. Nilisoma habari za watoto. Thuo akasema, “Paza sauti, mama, sisi hatuumi.” Kisha nikafika pale ulipoandika kwa Kiingereza, kama kawaida yako ukianza habari za injini, na nikawa nasoma kimoyomoyo kwanza ndipo niseme kwa Kiswahili.

Uliandika hivi. Nimeshaijua kwa moyo, kwa hiyo hutakuta nimekosea. “Kwa puli kubwa hewa haishindiliwi sana, kwa hiyo gari la kazi ya kila siku halihitaji rejeta ya hewa. Lakini puli ndogo usiifunge. Hewa ikishindiliwa sana huwa moto kabla haijaingia ndani, na petroli yetu ni duni. Asubuhi na baridi gari litakwenda vizuri na kukudanganya. Kwenye jua, na mzigo, na kilima kirefu, injini itaanza kugonga, na ikigonga simama hapo hapo, la sivyo itatoboa pistoni. Hiyo ndogo ilikuwa tu ndani ya boksi. Itupe.”

Niliona mistari hiyo yote. Nikainua macho nikamwona Baba, ana grisi shavuni, mkono uko juu ya boneti kama mtu aliyeshika bega la mwanawe. Nikamwona Jairus anangoja. Nikasema, “Mjomba anasema gari la kazi ya kila siku halihitaji rejeta ya hewa.”

Nikakunja barua.

Walipiga kelele. Jairus akainua mikono, “Haya bana, nimeshindwa.” Baba akanipiga begani kidogo kwa mkono wa grisi, na alama hiyo ilibaki kwenye blauzi yangu nyeupe. Sikuifua siku ile. Nilikuwa najivunia, Mjomba. Hilo nalo nataka ulijue.

Nilijiambia nitamweleza baadaye, wakiondoka watu. Watu wakaondoka, nikasema kesho. Kesho ilikuwa kanisa. Kesho kutwa alikuwa amechoka. Barua nikaitia katikati ya kitabu changu cha kusoma Kiingereza, na kila nilipokifungua nilifungulia upande mwingine. Sikumdanganya Baba, maana niliyoyasema uliyaandika kweli. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana mpaka maneno yenyewe yameishiwa ladha.

Sasa habari za Kukhu, ambazo hukuandikiwa zote.

Tulipata ujumbe katikati ya Januari kwamba tumbo lake limevimba na halali. Mama alikuwa na mtoto wa siku tano, hawezi kutoka. Baba akaondoka na pikapu, akanichukua mimi ili pawe na mtu wa kumshika. Pale Kibabii mganga wa misheni alisema apelekwe hospitali ya Kitale siku hiyo hiyo, jua lisizame.

Lakini Kukhu alikataa. Unamjua mama yako. Alikuwa amejikunja kwa maumivu na bado anasema, “Nipande gari la mkwe wangu? Niketi nyuma yake nimhemee shingoni? Afadhali nife kwa heshima.” Baba alikuwa amesimama nyuma ya zizi, kama ilivyo desturi, asimwone mkwewe na mkwewe asimwone. Saa nzima ilipotea hapo. Mwishowe akina mama wa jirani wakatundika blanketi mbili kati ya mbele na nyuma, wakazishona kwa kamba, wakamlaza juu ya magunia yenye nyasi. Akafunikwa mpaka usoni. Ndipo Baba akaitwa, akaja akitazama chini, akaingia upande wake. Mimi niliketi nyuma pamoja naye, karibu na tundu dogo kwenye blanketi, ili niwapelekee maneno.

Mjomba, safari ile mwanzoni ilikuwa nzuri. Naogopa kusema hivyo lakini ni kweli. Tangu Baba amwoe Mama, hawa wawili hawajawahi kuzungumza. Sasa walizungumza kupitia kwangu. Baba alisema, “Mwambie mama ashike ubao, kuna shimo mbele.” Kukhu akasema, “Mwambie huyo anayeendesha kwamba mimi nimezaa watoto tisa, shimo halinitishi.” Nikasikia Baba akicheka upande wa pili, cheko la puani. Kukhu naye akatabasamu chini ya shuka, nikaliona shuka likisogea.

Kisha tulipoanza kupanda, mashine ikapiga mluzi wake.

“Nini hicho kinacholia?” akaniuliza.

“Ni mashine aliyotuma Mjomba Wekoye.”

Alisikiliza. Halafu akasema, “Kumbe mwanangu yuko nasi humu garini.” Akaweka kiganja chake kwenye bati la pikapu, akakiacha hapo.

Ilikuwa saa nane na jua lilikuwa kali, jua la Januari lile lisilo na wingu. Tulivuka mto Kamukuywa tukaanza kilima. Hapo ndipo nilipoisikia. Mlio mdogo, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Nilijua ni nini. Nilijua kuliko mtu yeyote katika barabara ile. Mdomo wangu ulikuwa kwenye tundu, shavu la Baba lingeweza kuguswa na pumzi yangu, na maneno yako yote yalikuwa kichwani, simama hapo hapo. Lakini nikisema hayo, ataniuliza nimejuaje. Nikasema tu, “Baba, kuna sauti.”

“Ni kilima,” akasema. “Tukifika juu itanyamaza.”

Ilinyamaza kabla hatujafika juu. Kulikuwa na mpasuko, kisha moshi wa buluu, kisha tukawa tunasikia nyenje tu.

Kukhu alianza kuugua kwa sauti ndani ya joto lile. Ilibidi atolewe awekwe kivulini, na kivuli kilikuwa hatua kumi tu. Mimi peke yangu sikuweza kumwinua. Baba angeweza. Baba anainua injini, Mjomba. Alisimama mbele ya gari ametupa mgongo, mikono imening'inia, na aliniuliza mara tatu bila kugeuka, “Anasemaje? Anasemaje?” Nilimwambia Kukhu, “Niruhusu nimwite.” Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. “Usiniaibishe, mjukuu wangu. Usimwaibishe na baba yako.” Basi Baba akakimbia kutafuta watu. Nilimtazama akikimbia, mtu mzima na koti lake la grisi, mpaka akapotea kwenye kona.

Alikaa zaidi ya saa moja. Mama mmoja aitwaye Chelangat alipita na maziwa ya kuuza, akanisaidia kumshusha, akamlowesha midomo. Pale kivulini Kukhu alisema maneno ambayo sijamwandikia mtu. Alisema, “Mwambie mkwe wangu asione haya. Gari lake limenibeba vizuri. Hapa limechoka tu, hata ng'ombe huchoka.” Akasema tena, “Mwambie. Usisahau.”

Baba alirudi na wanaume wawili na mkokoteni wa ng'ombe. Wakampakia. Baba alitangulia mbali mbele, hakutazama nyuma, mimi nikitembea kando ya gurudumu. Kukhu alifariki kabla hatujafika Kiminini. Nilipopiga yowe Baba alisimama palepale barabarani. Hakugeuka. Hata hapo hakuweza kugeuka.

Mganga wa misheni alisema baadaye kwamba huenda hata tungefika asingepona. Labda. Lakini hatukufika.

Mazishini mzee mmoja wa ukoo wenu alisema hadharani kwamba Wekoye alituma chuma kutoka pwani kimkatilie mamaye njia. Baba hakusema kitu, kwa kuwa yeye pia aliamini mashine ilikuwa mbovu, na hakutaka kumsema shemeji yake, wala hakuwa na cha kukutetea. Mimi akina mama walinikumbatia, ati mtoto mwema, alimshika bibi yake mpaka mwisho. Nilikula chakula chao. Yale maneno ya Kukhu sikumpelekea Baba. Nilihisi nikianza kusema moja, yote yatatoka.

Nilirudi shule. Baba aliing'oa supachaja akaitia guniani, akaiweka nyuma ya kibanda cha kuku. Pikapu akaiegesha juu ya mawe.

Tumefunga shule wiki mbili zilizopita. Siku ya Ijumaa niliporudi kutoka sokoni nilimkuta Baba ameifungua injini hatimaye. Thuo alikuwa ameondoka. Pistoni zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, na moja ina tundu katikati, kubwa kama punje ya harage, kingo zake zimeyeyuka laini. Baba alikuwa amechuchumaa anaitazama. Akasema, kama anajisemea, “Joto hili limetoka wapi?”

Niliingia ndani nikatoa barua yako kitabuni. Nilirudi nikaisoma yote, tangu “Kwa shemeji yangu mpendwa.” Nilipofika mistari ile niliisoma kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, polepole. Kisha nikamwambia kwamba siku ile mbele ya Jairus niliiona.

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alinawa mikono kwenye mafuta ya taa, kidole kimoja kimoja, akachukua muda mrefu. Kisha akasema, “Mbele ya Jairus ungeniambia, ningekukatalia. Ningesema hujui kusoma.” Akajipangusa mikono. “Lakini ningelala na neno hilo. Asubuhi ningeifungua ile puli.”

Maneno hayo mawili nimeyabeba tangu Ijumaa, Mjomba, na sijui lipi ni zito zaidi.

Kisha akaniuliza, “Na pale chini ya mti. Mama alisema nini?”

Nikamweleza. Asione haya. Limenibeba vizuri. Hata ng'ombe huchoka. Baba alisimama akageuka akanipa mgongo, vilevile kama siku ile barabarani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi sikujua niende au nibaki. Nikabaki.

Jana jioni ametoa gunia nyuma ya kibanda cha kuku na kuipangusa mashine yako. Haina hata mkwaruzo. Ameniagiza nikuandikie mambo mawili. La kwanza, kwamba mwezi wa Agosti, siku ya kujengea kaburi, atasimama yeye mwenyewe mbele ya wazee wa Kibabii aseme chuma hakikuwa na kosa, na jiwe la kwanza haliwezi kuwekwa na mtu mwingine ila wewe, mwana wa kwanza. La pili nitalieleza mwishoni.

Lakini mimi nimemwambia Baba kwamba si yeye anayepaswa kusema. Ni mimi. Alinitazama sana, akasema, “Utaweza?” Nikasema sijui. Kweli sijui. Wazee wale ni wengi na mimi sauti yangu unaijua. Ndiyo sababu nakuomba uje, Mjomba, hata kama umenikasirikia, hata kama hutanisalimu. Simama tu mahali nitakapoweza kukuona, ili nisome yote safari hii.

Nisalimie sana Nasambu, na Mukhisa, na mdogo wake ambaye sijamwona. Mama anakusalimu, leo kutwa amekuwa akiniuliza naandika nini kirefu hivyo, na nikimaliza nitamsomea kabla ya kuifunga bahasha. Thuo anakusalimu pia. Mungu aliyemwona Kukhu pale kivulini akuone na wewe huko uliko, akupoze moyo, akulete salama.

Lile la pili ni hili. Baba anasema puli kubwa bado iko ndani ya boksi. Ameipaka mafuta isishike kutu. Hataifunga mpaka wewe uwepo.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukuomba radhi,

Nasimiyu